Kama mpaka usingesogezwa 1902: kisa cha chama cha historia na kiti cha Nabongo

Kisa hiki kinahusu chama cha historia cha shule moja ya sekondari magharibi mwa Kenya, mwendo mfupi wa matatu kutoka mji wa Mumias. Majina ya shule, ya mwalimu mlezi na ya wanafunzi nimeyaondoa, na mambo machache yasiyogusa kiini nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike. Mwalimu alinialika kama msaidizi wa nje kusimamia zoezi la historia mbadala: kuchagua njia panda moja ya zamani, kugeuza uamuzi mmoja uliofanyika hapo, kisha kufuata kwa makini yale ambayo yangetokea.

Nakiandika kwa ajili ya walimu na walezi wa vyama wanaotaka kulifanya zoezi hili kwa falme za kwetu. Ni rahisi kulifanya kwa wafalme wa mbali. Nani atakasirika ukimwondoa mfalme wa Ufaransa kwenye kiti chake? Hapa Elureko, jina la zamani la Mumias, ambako wajukuu wa wapiganaji wa Kiwanga na wa Kibukusu wanakalia dawati moja, mambo ni mengine.

Usuli

Chama kilikuwa na wanafunzi wapatao thelathini, wengi wa kidato cha pili na cha tatu. Walikuwemo Wawanga, Wabukusu, Wamarama na Wakabrasi, pamoja na Waluo wachache ambao wazazi wao wanafanya kazi mjini. Shule ilikuwa inajiandaa kwa siku ya utamaduni ambayo wazazi hualikwa, na chama kilipewa nafasi ya kuonyesha kazi yake jukwaani. Wanafunzi wenyewe ndio waliochagua mada: ufalme wa Wanga ungekuwa wapi leo kama mambo yangekwenda vingine?

Mada ilikuwa nzuri, lakini ilikuja na mzigo. Vitabu vya historia vya sekondari huwaweka Wawanga kwenye orodha ya walioshirikiana na Waingereza, na Wabukusu kwenye orodha ya waliopinga. Mwanafunzi hukariri sababu za kila upande kwa ajili ya mtihani. Akifika nyumbani, anakuta orodha zile zile zimegeuka kuwa sifa na matusi.

Mambo ya msingi ambayo chama kilianza nayo, na ambayo mwalimu aliyaandika kwenye karatasi ndefu ya manila na kuibandika ukutani, ni haya. Mumia mwana wa Shiundu alishika kiti cha Nabongo, yaani mfalme wa Wanga, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Elureko ulikuwa kituo cha misafara ya pwani iliyofuata pembe za ndovu na chakula. Joseph Thomson alipita hapo 1883. Askofu James Hannington alipita 1885, akawaacha watu wake wengi hapo chini ya William Jones, akaenda mbele na wachache, na tarehe 29 Oktoba akauawa Busoga kwa amri ya Mwanga, Kabaka (mfalme) wa Buganda. Frederick Jackson wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki alifika 1889. Nchi ilipowekwa chini ya serikali ya Uganda, Mumias ulikuwa makao ya utawala, na C. W. Hobley aliongoza kutoka hapo vita vya 1895 dhidi ya Wabukusu kwenye ngome zao za Lumboka na Chetambe, akisaidiwa na askari Wasudani, Waganda, Wamaasai na watu wa Mumia. Tarehe 1 Aprili 1902 mkoa wote wa mashariki wa Uganda ulihamishiwa kwenye himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka 1909 Mumia alifanywa chifu mkuu wa wilaya ya Kavirondo Kaskazini. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamia Kakamega. Mumia alifariki 1949.

Rasimu ya kwanza na walioondoka

Vijana watatu wa Kiwanga walijitolea kuandika rasimu. Walikuwa na kipaji, na waliifanya kazi kwa moyo. Kwenye rasimu yao Mumia anapata bunduki nyingi kutoka pwani, anamfukuza Jackson, anawaunganisha Waluhya wote, na ukoo wake wa kifalme, Abashitsetse, unatawala hadi leo kutoka kwenye jumba lililo juu ya Mto Nzoia. Kulikuwa na ngozi ya chui, bangili ya shaba ya kifalme, ngoma na wageni kutoka Buganda. Katikati ya ukurasa wa tatu palikuwa na sentensi hii: "Makabila yote ya magharibi yakaishi kwa furaha chini ya Nabongo."

Msichana mmoja wa Kibukusu aliinua mkono. "Mwalimu, na Chetambe iko ukurasa wa ngapi?"

Mwandishi mmoja alijibu kwamba katika historia yao Chetambe haikutokea, kwa sababu Wabukusu walikubali. Msichana akauliza walikubali kwa sababu gani. Hakukuwa na jibu. Mvulana mwingine akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, kwamba babu yake hakuzaliwa ili awe furaha ya mtu. Wanafunzi wanne walichukua mikoba wakatoka nje.

Mwalimu hakuwakemea wala kuwarudisha kwa amri. Alifunga kikao, akaibandua rasimu ukutani, lakini ile karatasi ya manila akaiacha mahali pake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutoibadilisha mada. Walimu wenzake wawili walimshauri achukue ukoo wa kifalme wa mbali ili amani irudi. Alikataa. Kwa maoni yake, wanafunzi waliotoka nje walikuwa wameshalifahamu somo kuliko waliobaki ndani, na kuhamia ng'ambo kungewaambia kwamba swali lao lilikuwa utovu wa adabu. Nilimuunga mkono na bado namuunga mkono. Swali la Chetambe lilikuwa swali bora kabisa lililoulizwa katika zoezi zima.

Uamuzi wa pili ulihusu kipimo. Rasimu ya kwanza ilibadilisha mambo kumi kwa mara moja, na yote kumi yalimpendelea mtu mmoja. Tukakubaliana kwamba kila kundi libadilishe jambo moja tu, na kabla ya kulibadilisha lithibitishe kwamba mlango ulikuwa wazi. Maana yake, alikuwepo mtu wa wakati ule aliyekuwa na uwezo wa kuamua vingine, na njia ya pili ilikuwa mbele ya macho yake. Bunduki zilizoshuka kutoka mbinguni hazikupita kipimo hiki.

Tatu, kila kundi lifuate miaka kumi ya kwanza baada ya badiliko, mwaka kwa mwaka, kabla ya kuruhusiwa kuruka hadi leo.

Nne, na hili ndilo lililozua ubishi mkubwa: kila mlango uwe na sura ya mlipaji. Nani anapoteza katika historia hii mpya? Na sura hiyo iandikwe na mtu ambaye kwao wangefaidika. Mwandishi mkuu wa rasimu ya kwanza alipewa kuandika kama kijana aliye ndani ya ngome ya Chetambe. Msichana aliyeuliza swali alipewa kuandika kama mshauri wa Mumia.

Alikuja kwa mwalimu baada ya kengele. "Mwalimu, unataka niwatetee?"

"Nataka uhesabu walichokuwa nacho mkononi siku ile. Ukimaliza kuhesabu, kama bado unataka kuwalaumu, walaumu."

Aliikubali kazi. Wenzake wawili kati ya wale wanne walirudi naye wiki iliyofuata.

Mlango wa kwanza: mfalme mwingine

Kundi la kwanza lilitaka kumbadilisha mfalme. Lilichukua Sakwa wa Wanga Mukulu, tawi lililojitenga na kushindana na ukoo wa Shiundu, likauliza ingekuwaje kama yeye ndiye angeshika ufalme wote. Nilitarajia kundi hili lizame kwenye fitina za ukoo, na ndivyo lilivyoanza. Kisha msichana wa Kibukusu, akiwa kwenye kazi yake ya kuhesabu, akawaharibia hadithi kwa faida yao.

Hesabu yake ilijaa ukurasa mmoja wa daftari. Upande wa kushoto aliandika vitu ambavyo Mumia alikuwa navyo kwa kuwa ni Nabongo: heshima ya kiti, koo zilizomtii, wapiganaji wake. Upande wa kulia aliandika vitu alivyokuwa navyo kwa kuwa Elureko ulikuwa njiani: wafanyabiashara wa pwani na bunduki zao, Wamaasai wa Uasin Gishu waliokimbilia kwake baada ya kushindwa vita vyao na kumpigania, soko la vyakula vya misafara, habari za Buganda kabla hazijafika kwa jirani yeyote, na wazungu waliohitaji pa kulala. Upande wa kulia ulikuwa mrefu mara tatu. Chini akaandika: "Sakwa angekaa hapa, misafara ingekuja hapa hapa."

Hapo ndipo chama kilipopata wazo lililokibeba hadi mwisho. Nguvu ya kiti ilitokana na barabara. Ukimbadilisha mfalme na kuiacha barabara, baada ya miaka kumi unajikuta karibu na pale pale. Ukiigusa barabara, kila kitu kinasogea. Kundi la Sakwa lilikubali kufunga mlango wake, na nililipongeza kwa hilo, kwa sababu kuacha hadithi uliyoipenda ni kazi ngumu hata kwa watu wazima.

Mlango wa pili: barua za 1890

Huu ndio mlango ambao wanafunzi waliupenda kuliko yote, na naelewa sababu. Mwishoni mwa 1889 Jackson alikuwa Mumias. Mwanga, aliyekuwa akipigania kurudi kwenye kiti chake, alikuwa amemwandikia akiomba msaada. Kampuni ilikuwa imemwagiza Jackson asiingie Buganda, naye akaenda zake upande wa Mlima Elgon. Akiwa huko, mapema 1890, Mjerumani Carl Peters akafika Mumias, akafungua barua zilizokuwa zinamsubiri Jackson, akazisoma, kisha akakimbia hadi Buganda na kuwekeana mkataba na Mwanga kabla Jackson hajarudi.

Mwanafunzi anayekaa kilomita chache kutoka mahali pale akisikia kwamba hatima ya Uganda ilisimama kwenye rundo la barua ndani ya kibanda cha kwao, damu humchemka. Kundi liliandika mandhari bora: Jackson anabaki, anamkuta Peters mlangoni, barua hazisomwi. Mlango ulikuwa wazi kweli, maana Jackson alikuwa na uchaguzi na njia zote mbili alizijua.

Kisha ikaja miaka kumi. Mkataba wa Peters haukuishi hata nusu mwaka. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana huko Ulaya, Ujerumani ikapewa kisiwa cha Heligoland, na Uganda ikabaki upande wa Waingereza. Makaratasi ya Peters yakakosa thamani. Jackson angebaki au angeondoka, mwezi wa Julai ungefika vile vile.

Kundi lilivunjika moyo. Kijana mmoja aliuliza kama ni lazima kipimo kiwe kikali hivyo, na ni swali la haki. Nilimjibu kwamba kisa kinaweza kuwa kitamu na bado kikawa chepesi, na kwamba kazi ya mwanahistoria mbadala ni kuupima uzito huo hadharani. Walikiacha kisa kwenye onyesho kama utangulizi, pamoja na maelezo ya kwa nini hakikubadilisha kitu. Nadhani wazazi walijifunza zaidi kutokana na mlango huo uliofungika kuliko ambavyo wangejifunza kama ungeachwa wazi.

Mlango wa tatu: reli na mpaka

Makundi mawili yaliunganishwa hapa, kwa sababu uamuzi mmoja ulizaa mwingine.

Upimaji wa kwanza wa reli, ulioongozwa na J. R. L. Macdonald mwanzoni mwa miaka ya 1890, ulikusudia kuifikisha reli ziwani kwenye ghuba ya Berkeley, mahali palipoitwa Port Victoria, huko Bunyala. Baadaye wahandisi walichagua njia fupi zaidi kupitia bonde la Nyando, na reli ikafika Port Florence, yaani Kisumu, mnamo Desemba 1901. Meli zikaletwa vipande vipande, zikaunganishwa hapo. Misafara ya miguu iliyokuwa ikipita Mumias ikakosa kazi. Reli ilipokuja kusogezwa upande wa Mumias, kufikia 1930 hivi, iliishia Butere.

Kijana wa Kiluo aliandika sura ya mlipaji wa mlango wa reli: Kisumu isiyokuwa na bandari, isiyokuwa na karakana, isiyokuwa na mtaa wa Wahindi, wavuvi na wafanyabiashara wa ghuba wakitazama moshi wa meli kwa mbali. Aliiandika vizuri kiasi kwamba Wawanga walioutaka mlango huo kwa hamu walianza kuzungumza kwa sauti ya chini. Tatizo la kundi ni kwamba hawakuwa na ramani ya kuonyesha reli ya kwanza ingepita vijiji gani. Walibuni, na ubunifu ukawa ulegevu.

Mpaka ulikuwa na msingi imara zaidi. Hadi 31 Machi 1902 nchi yote hii, kuanzia Naivasha kwenda magharibi, ilihesabiwa kuwa Uganda. Ilihamishwa hasa ili reli nzima iwe chini ya serikali moja. Kwa hiyo badiliko lililohitajika lilikuwa dogo kuliko yote: mambo yabaki kama yalivyokuwa jana yake. Hakuna mfalme wa kubuni, hakuna bunduki.

Wawanga walirukia Buganda mara moja. Mkataba wa 1900 uliwapa machifu wa Buganda ardhi na ukaitambua serikali ya Kabaka. Basi Nabongo naye angepata wake. Mwalimu aliwauliza ni jirani gani aliyefanana na Wanga kwa ukubwa na kwa hali. Wakatafuta, wakarudi na Busoga: nchi ya watawala wengi wadogo, kila mmoja na eneo lake. Waingereza hawakuwapa watawala hao mkataba kama wa Buganda. Walimleta Semei Kakungulu, Mganda ambaye tayari alikuwa ameiteka Bukedi kwa faida ya himaya, wakamweka kuwa rais wa baraza la Busoga kuanzia 1906 hadi 1913. Cheo cha Kyabazinga, mtawala mkuu wa Busoga yote, kilikuja 1939.

Hapo meza iligeuka. Katika historia halisi Mumia na ndugu zake ndio waliotumwa kuwatawala majirani: Mulama kwa Wamarama, Murunga upande wa Kabras na kwa Wabukusu, na maajenti wa Kiwanga kwingineko. Katika historia ya Uganda, kazi hiyo ingeweza kabisa kwenda kwa Kakungulu na maajenti wake wa Kiganda. Nabongo angekuwa mtawaliwa kama jirani yake. Kijana mmoja wa Kiwanga aliisoma sentensi hiyo, akakaa kimya, kisha akaandika kando yake: "Sasa najua walivyohisi Kabras."

Na walipoendelea kufuata, waligundua jambo ambalo hakuna aliyelitafuta. Uhamisho wa 1902 uliiweka Uasin Gishu na nchi ya Trans Nzoia ndani ya koloni ambalo walowezi walipewa ardhi. Mwaka 1903 tu, serikali ya Uingereza ilikuwa tayari kuwapa Wayahudi nyanda za Uasin Gishu, na kongamano lao likakataa 1905. Makaburu na Waingereza wakazichukua. Uganda haikugawa mashamba kwa walowezi kwa kiwango hicho. Mpaka ukibaki, upo uwezekano mkubwa kwamba mashamba makubwa ya mahindi ya Trans Nzoia, ambako babu wengi wa Kibukusu walikwenda kuwa vibarua, yasingechukuliwa na walowezi. Wabukusu na ndugu zao Wagisu wangekuwa chini ya serikali moja, mlima ukiwa katikati yao na si mpaka. Wasamia na Wateso nao wasingegawanywa.

Wale walioondoka darasani kwa sababu ya kiti cha Nabongo ndio waliokuja kuwa watetezi wakali wa mlango huu. Kiti kilikuwa kimeshasahaulika. Walikuwa wanazungumza habari za ardhi.

Siku ya mzee

Mwalimu alimwalika mzee mmoja wa Kiwanga aje kuisikiliza rasimu ya pili. Wanafunzi walimwita Kuka, yaani babu, mwalimu akamwita Mzee, na flaski ya chai iliwekwa mbele yake kabla hajaulizwa neno. Alisikiliza hadi mwisho bila kukatiza.

Kwanza alikataa neno "alishirikiana". Alisema Mumia alikuwa anahesabu bunduki za kila mgeni na kuamua alale na nani karibu. Pili aliwaambia watoe onyesho moja, lile lililomweka Nabongo wa kubuni kwenye Eshiembekho, makaburi ya wafalme huko Matungu. "Mambo ya serikali chezeni nayo. Pale pamelala watu." Wakalitoa siku ile ile. Nadhani uamuzi huo ulikuwa sahihi, na mtu yeyote anayeandika historia mbadala ya ukoo ambao bado upo anapaswa kuuliza mapema mahali gani pasiguswe.

Tatu alizungumzia Februari 1976, wakati Idi Amin alipodai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ni ya Uganda kwa sababu ya ule mpaka wa zamani, na watu wakaandamana kote nchini. Wanafunzi hawakuwahi kusikia habari hiyo.

"Kuka, watu wa hapa walifurahi kwamba ufalme ungerudi?"

"Hakuna aliyetaja ufalme. Kila mtu aliuliza shamba lake litakuwa upande gani."

Mzee aliwakumbusha pia kwamba Obote alifuta falme za Uganda 1967, na zilirudi 1993 kama taasisi za utamaduni. Wanafunzi walioota jumba juu ya Nzoia ilibidi walivushe jumba lao kwenye mwaka 1967. Walijaribu, na hapo ndipo uandishi wao ulipokomaa.

Matokeo

Onyesho lilifanyika. Lilikuwa na sehemu tatu: barua za 1890 kama mlango uliofungika, sauti kutoka Chetambe, na mpaka wa 1902. Sauti ya Chetambe, iliyoandikwa na kijana wa Kiwanga, ilianza hivi: "Tuliinua ukuta wa udongo kabla ya mvua kubwa. Wanasema walitaka bunduki. Bunduki tulizokuwa nazo zilikuwa chache kuliko ng'ombe waliozifuata." Ukumbi ulinyamaza.

Si kila mtu aliyeridhika. Mzazi mmoja wa ukoo wa kifalme alisimama wakati wa maswali akasema watoto wameufanya ufalme kuwa kibanda cha njiani. Msichana wa Kibukusu, aliyecheza mshauri wa Mumia, alimjibu kwa heshima kwamba yeye mwenyewe alianza zoezi akiamini Mumia alikuwa kibaraka, na sasa anamwona kama mtu aliyetumia vizuri kitu kimoja alichopewa na jiografia. Mzazi hakukubali, lakini alikaa. Mwanafunzi mmoja kati ya wanne walioondoka hakurudi kwenye chama, na mwalimu hakumlazimisha.

Uchambuzi

Kipimo cha mlango ulio wazi ndicho kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote. Bila hicho, historia mbadala ya ufalme huwa wimbo wa kusifu ukoo, na anayeusikiliza kutoka ukoo mwingine hana pa kuingilia ila kwa hasira. Kipimo kilimpa kila mtu haki ya kuuliza swali lile lile, bila kujali ametoka wapi.

Kumlinganisha Nabongo na jirani anayefanana naye, Busoga badala ya Buganda, kuliokoa kundi la mpaka. Watu wa falme ndogo hupenda kujipima kwa falme kubwa. Mwalimu hakuwaambia kwamba wamekosea. Aliwauliza nani anafanana nao, akawaacha watafute.

Kubadilishana kalamu kulifaulu kwa wawili waliopewa kazi nzito na hakukufaulu kwa wengine. Wengi waliandika sura za mlipaji kwa huruma ya juu juu, mama analia, nyumba inaungua, bila kujua mlipaji alikuwa na nini kabla ya kupoteza. Tofauti ilikuwa ile hesabu ya daftari. Aliyehesabu kwanza aliandika vizuri. Ningeifanya hesabu kuwa lazima kwa kila mmoja kabla ya kushika kalamu.

Kanuni ya miaka kumi ilizuia ndoto, lakini ilikula muda. Sehemu ya kutoka 1912 hadi leo iliandikwa mbio mbio siku za mwisho, na ilionekana. Mlango wa reli ulipungukiwa na ramani, heri ungeachwa.

Pengo kubwa zaidi ni watu wa barabara yenyewe. Chama kiligundua kwamba kiti kilibebwa na njia ya misafara, kisha kikawasahau waliotembea juu yake. Waswahili wa pwani waliishi Elureko, wakajenga, wakaoa, na Uislamu waliouleta bado umeshika mizizi Mumias. Kwenye onyesho walipita kama wabeba bunduki wasio na majina. Wapagazi walioachwa na Hannington chini ya William Jones walikaa hapo wakisubiri habari za bwana wao aliyekwisha kuuawa, na chakula chao kilitoka kwa wenyeji. Wanawake waliolima na kusaga wimbi na mtama uliolisha misafara hawakutajwa hata mara moja, ingawa bila unga huo hakuna msafara ambao ungepumzika Elureko.

Mwalimu ameliandika pengo hilo kwenye ile karatasi ya manila, kati ya 1883 na 1885, na muhula uliofuata chama kilianza hapo: ingekuwaje kama mavuno ya Elureko yangeshindwa mwaka ambao misafara ilikuwa njiani?